Barua tatu na uthibitisho mmoja: kisa cha binti wa Pemba aliyepata vyuo vitatu

Nasomesha sekondari hapa Pemba miaka mingi sasa, na kila mwaka matokeo ya form six yakishatoka nyumbani kwangu hapakauki vijana. Mwengine anakuja na baba yake, mwengine peke yake na bahasha kwapani, na suali lao ni lile lile, Maalim nimepata vyuo viwili, vitatu, niende kipi. Nimeona bora niandike kisa kimoja mwanzo mpaka mwisho, na pale nilipokosea mimi nipaandike vile vile, mana tukitoa mifano ya waliofaulu tu hatumsaidii mtu. Ruhusa nimepewa na mwenyewe pamoja na wazee wake. Majina nimeyaondoa, kijiji nimekiondoa, na vitu vidogo vya kumtambulisha nimevibadilisha. Nitamwita Binti.

## Nyumbani kwao

Baba yake ni mvuvi na ana mikarafuu michache ya urithi, na anaeijua karafuu anajua haibebi sawa kila mwaka, kuna msimu mnahamia kondeni na kuna msimu unachuma siku mbili umemaliza. Mama yake anakaanga bajia na kupika mikate ya kumimina, watoto wanapeleka dukani. Hakuna mwenye mshahara kwenye nyumba ile. Mwenye mshahara kwenye ukoo ni ami yake mmoja yuko Unguja mjini, ndie aliyekuwa akimnunulia sare na madaftari tangu yuko darasa la kwanza, kwahiyo neno lake ndani ya nyumba lina uzito na ni haki yake.

Binti kasoma PCB, yaani fizikia, kemia na bailojia, matokeo ya Julai 2022 yakatoka kapata divisheni ya pili. Mambo mawili nlikuwa nayajua kumhusu kabla ya matokeo. La kwanza, bibi yake alipooza upande mmoja na Binti ndie aliyemuuguza karibu miaka miwili, kumgeuza, kumuogesha, kumpa dawa kwa saa zake, na yote hayo huku anasoma. La pili, kila likizo alikuwa anawasomesha watoto wa form two bailojia chini ya mwembe nyuma ya nyumba yao, bure, na watoto wanakuja wenyewe bila ya kusukumwa.

Hapa nieleze kidogo namna mambo yanavyokwenda, mana wazee wengi linawachanganya. Skuli zetu ziko chini ya wizara yetu ya Zanzibar, lakini mitihani ya form six ni ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, na elimu ya juu ni jambo la Muungano, kwahiyo hata chuo kilichopo hapa hapa kwetu udahili wake unapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Unaaplai moja kwa moja kwa kila chuo, majina yanapelekwa TCU, na aliechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anatumiwa namba ya siri kwenye simu au imeli akonfemu kimoja tu, na siku za kufanya hivo ni chache. Huwezi kushika viwili ukasema nitaangalia mbele ya safari.

Na mkopo je? Mzanzibari anaweza kuomba Bodi ya Mikopo ya Bara, HESLB, au ya kwetu, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar iliyoanzishwa kwa sheria ya 2011. Bodi hizi haziwezi kukulipia zote mbili. Lakini kubwa ambalo watu hawalitii akilini ni kwamba majina ya waliopata mkopo yanatoka baada ya kuwa umeshakonfemu chuo. Unachagua kwanza, halafu ndio unajua kama unae wa kukulipia. Hili lishikeni mana kisa chote kimekaa juu yake.

## Barua tatu

Barua ya kwanza ilitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Kozi aliyopewa ilikuwa sayansi za majini na uvuvi, alikuwa ameiweka chaguo la mwisho, na aliiweka kwa sababu kijana wa steshenari alimwambia asiache nafasi wazi kwenye fomu.

Ya pili ilitoka SUZA, chuo chetu cha serikali, digrii ya sayansi na ualimu, miaka mitatu.

Ya tatu ilitoka chuo kimoja binafsi cha Dar, uuguzi, digrii, miaka minne. Barua ilivyofika hii Binti alilia. Nlidhani anafurahi tu, baadae ndio nikajua alikuwa ameshasoma ukurasa wa pili wenye ada.

Ada ya chuo binafsi ilikuwa 4,200,000 kwa mwaka. Za vyuo viwili vya serikali hazikuachana sana, zote zilicheza kwenye milioni moja na laki kadhaa. Ndio mana ami yake alikuwa na hoja ya kweli aliposema, kama bei ni ile ile kwanini mtoto asiende kwenye jina kubwa?

## Karatasi ya daftari

Walipokuja kwangu, Binti na baba yake, sikuwaambia waende wapi. Nilichukua daftari la mistari, nikachana karatasi ya kati, nikaigawa safu tatu, tukakaa kwenye jamvi. Nikamuuliza baba suali moja kabla ya yote: leo, bila ya mkopo, bila ya ahadi ya mtu ambae hajaitoa, mna shilingi ngapi za kumpeleka mtoto chuo?

Alikaa kimya muda. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. Karafuu, kama laki nne. Mama yake zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa inakuja mwezi wa kumi, laki mbili na nusu. Ami kaahidi laki tatu na ami hajawahi kuahidi asitoe. Jumla 950,000. Nikaiandika juu kabisa ya karatasi na nikaizungushia duara.

Halafu tukashuka chini. Semista ya kwanza kwenye chuo chochote cha serikali, nusu ya ada kiasi cha 650,000, na yale madogo madogo ambayo mtu hayaoni mpaka afike dirishani: bima ya afya 50,400 kwa asiekuwa nayo, 20,000 ya TCU, kitambulisho, umoja wa wanafunzi. Tukaweka laki moja kwa yote hayo. Imebaki laki mbili.

Hapo ndipo safu zilipoachana. Unguja ana shangazi yake Fuoni, nyumba ya watu wengi lakini ya watu wazuri, na shangazi kashasema mtoto aje, godoro lipo. Tukaandika nauli ya dala 2,000 kwa siku, siku 22 za masomo, ni 44,000, na 40,000 ya kusaidia chakula cha nyumba mana mgeni nae asiwe mzigo. Ni 84,000 kwa mwezi. Dar hana mtu wa damu. Chumba wakilipa wawili, fungu lake 50,000 kwa mwezi, na wenye nyumba wa Dar wanataka miezi kadhaa mbele. Chakula 6,000 kwa siku, sikuweka kitu cha anasa hapo, ni 180,000. Daladala 20,000. Jumla 250,000 kwa mwezi, na boti sikuiandika bado, mana kutoka Pemba mpaka Dar mara nyingi ni boti mbili.

Ile laki mbili iliyobaki Unguja ni miezi miwili na siku kadhaa. Dar haimalizi mwezi wa kwanza.

Baba yake aliiangalia ile karatasi akasema, "Kumbe Maalim ada sio bei." Nimekuwa nikilitumia neno lake hilo kila mwaka tangu siku ile.

Safu ya tatu hatukuimaliza. Milioni nne na laki mbili mara minne ni 16,800,000 kabla hajala wala hajalala. Baba akasema hiyo ni nyumba, msingi mpaka bati. Mkopo ungepunguza, sawa, lakini mkopo hauna lazima ya kufunika ada yote, na tofauti inarudi kwa mzee mwenye ngarawa.

## Kikao cha barazani

Ijumaa baada ya sala kikao kikakaa barazani kwa bibi mzaa baba, ami kavuka kwa boti kuja. Nami niliitwa. Nataka nimtendee haki ami, kwasababu nikisimulia kisa hiki mara nyingi watu wanamfanya yeye ndio mbaya, na sivyo.

Ami alisema hivi: chuo hichi cha Mlimani kilianza 1961, kikawa chuo kikuu kamili 1970, kimesomesha viongozi wa nchi hizi zote, Museveni kasoma pale. Mtoto wetu wa Pemba akitoka pale hakuna ofisi itakayomuuliza umesoma wapi. Na kozi yenyewe msiione ndogo, tangu 2020 Zanzibar ina wizara ya uchumi wa buluu na uvuvi, serikali yenyewe inasema bahari ndio kesho yetu, sasa mtoto anapewa bahari nyie mnampeleka kushika chaki? Na chuo cha hapa ni cha juzi, sheria yake ya 1999.

Hoja nzito. Hata mimi kimoyomoyo nliyumba.

Mama yake alisema kitu kimoja tu, kwamba mtoto hajawahi kulala nje ya nyumba ya jamaa. Wengine wakacheka kidogo lakini mimi sikulichukulia dogo. Mtoto wa kike wa miaka kumi na tisa, mji usiomjua, mfukoni hana pesa ya mwezi, hilo nalo lina gharama yake japo haliandikiki kwenye safu.

Nikaomba Binti aulizwe. Kwetu mtoto hasemi mbele ya wazee mpaka apewe nafasi, na bibi ndie aliempa, akamwambia sema mwanangu, chuo unaenda wewe. Akasema kwa sauti ndogo: "Ami, bahari naijua, nimekulia ndani yake, siitaki kwenye daftari." Akanyamaza. Akaongeza kuwa anachotaka ni uuguzi, lakini ameiona ile karatasi, na kama uuguzi haupatikani basi bora asomeshe kuliko kupima samaki.

Kikao kikakubaliana wasikonfemu kitu mpaka Jumatatu, kila mtu akalale nalo.

## Meseji iliyokwenda kwa mtu mwengine

Jumapili asubuhi Binti akaenda steshenari Chake kuangalia akaunti yake. Akakuta ameshakonfemiwa. Mlimani.

Ilikuwaje? Wakati wa kuaplai Binti hakuwa na laini yake, alikuwa anatumia simu ya kaka yake, kwahiyo kijana wa steshenari akajaza namba yake yeye na imeli aliyoitengeneza yeye. Meseji ya namba za siri ikaenda kwake. Akaona vyuo vitatu, akaona siku zinakwisha, akamkonfemia kile kikubwa. Nilipomuuliza akajibu bila ya wasiwasi wowote, Maalim nilijua atachagua Mlimani, nani anaacha Mlimani, nikaona nimuokoe asipitwe. Hakuwa na ubaya hata chembe. Wala hakutoza pesa ya ziada. Lakini uamuzi wa miaka mitatu ya mtu umefanywa na alieshika simu.

Ami alipopata khabari akasema basi ndio kheri, Mungu kashachagua. Mama akanyamaza, baba akanyamaza, na Binti akafunga mlango. Siku nzima ile hakuna aliekuja kwangu na mimi sikwenda, nlisema nisiingilie zaidi, na hadi leo najiuliza kama nilifanya sawa kukaa.

Jumatatu alfajiri baba yake akanigongea. Hajaenda pwani. Akasema, "Maalim, mimi sikusoma, lakini mtoto wangu alisema mbele yangu asichokitaka na mimi nlisikia. Kinarudi au hakirudi?" Kinarudi, nikamwambia, siku za kukonfemu zikiwa hazijakwisha uthibitisho unaweza kufutwa ukakonfemu kwengine, ila lazima iwe kwa namba ile ile iliyosajiliwa. Namba ya kijana wa steshenari. Ambae siku ile alikuwa kaenda maziko Micheweni na simu imezima chaji.

Tulimfuata huko huko maziko. Sisemi zaidi. Jioni simu ikawekwa chaji kwenye duka la jirani, ombi la kufuta likatumwa, na jibu likaja kesho yake saa nne asubuhi.

## Tulivyoamua na kwanini

Binti alikonfemu SUZA, sayansi na ualimu. Safari hii alibonyeza mwenyewe.

Sababu nitazisema kama zilivyokuwa siku ile, sio kama ninavyotaka zionekane leo. Ya kwanza ilikuwa pesa ya kuishi, kwamba miezi ya mwanzo bila ya mkopo Unguja anaweza kukaa na Dar hawezi. Ya pili kozi, kwamba ualimu kashaufanya chini ya mwembe na tunajua anauweza na anaupenda kiasi. Ya tatu, na hii baba yake ndie alieisema, mtu akifika mahali ambapo hakutaka, shida ndogo inamrudisha nyumbani, na aliefika alipotaka shida hiyo hiyo anaivumilia. Jina tuliliweka chini ya hayo matatu. Hatukusema halina thamani. Ami alivyoelezwa hivo hakukasirika kama tulivyoogopa, aliuliza tu, na ile laki tatu bado inahitajika? Akaitoa.

## Yaliyofuata

Vyuo vikafunguliwa. Majina ya mkopo yakatoka, Binti hamo.

Kumbe kosa la nyumbani. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa jina la babu kwa herufi moja tofauti na cheti cha form four. Herufi moja! Ikabidi arudi kwenye ofisi ya usajili wa matukio ya kijamii, barua ya sheha, kiapo, marekebisho, na maombi yakashughulikiwa upya. Pesa ya mkopo aliiona mwishoni mwa Januari 2023.

Zile 200,000 zilimfikisha wiki ya kwanza ya Januari. Wiki zilizobaki shangazi alimbeba, na mama yake akawa anatuma kwa watu wa boti samaki wakavu na unga. Binti anasema kuna siku alitembea kwa miguu kurudi kutoka chuo mpaka akapata mtu wa kumpakia, lakini hakulala njaa hata siku moja. Jaribu kuihamisha miezi ile Dar, kwenye chumba cha kupanga, na uone ingekuwaje. Mimi nimeona wanafunzi wangu wawili miaka ya nyuma walioahirisha mwaka kwa sababu hiyo, na wote walikuwa na akili kuliko mimi.

Mwaka wa kwanza hakufanya vizuri sana, GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 2.9, kemia ilimtesa. Mwaka wa pili akapanda. Fildi ya ualimu akaja kuifanya Pemba, na nilikwenda kumuangalia darasani nimekaa nyuma kabisa. Alikuwa anafundisha moyo unavyosukuma damu. Hana chati, katoa mpira wa maji wa kuogea na chupa ya plastiki, anaminya, maji yanatoka kwa mapigo, na mtoto mmoja akauliza kwanini wazee wanapooza. Akasimama kidogo. Kisha akaeleza, taratibu, kuhusu mshipa wa damu unaoziba au kupasuka kichwani, nguvu za upande zinavyoondoka, na namna ya kumgeuza mgonjwa asipate vidonda. Darasa zima kimya.

Alimaliza 2025 na GPA ya 3.6. Hajaajiriwa bado, anajitolea kwenye skuli moja na anasubiri nafasi zitangazwe kwenye ZanAjira, mtandao wa ajira za serikali ya Zanzibar, kama wenziwe wote.

## Kilichofaa

Kuuliza pesa iliyopo mkononi kabla ya kuangalia barua, hilo lilifaa kuliko yote. Familia nyingi zinaanza na ada ya mwaka, zinaona vyuo viwili bei moja, halafu jina linaamua lenyewe. Ukianza na semista ya kwanza bila ya mkopo, picha inabadilika kabisa. Na simaanishi kila mtu abaki Unguja. Mwenye dada yake Temeke safu yake ya Dar ingekuwa nyengine na pengine Mlimani ingekuwa rahisi kuliko Fuoni. Hesabu ni ya nyumba yenu, msichukue yangu.

Kumpa mtoto nafasi ya kusema mbele ya wazee pia kulifaa. Lile neno la bahari na daftari ndilo lililomtoa baba yake pwani Jumatatu. Asingelisema pale barazani, baba asingekuwa na cha kusimamia, mana angeambiwa mtoto mwenyewe hajui anachotaka.

Na karatasi. Watu wazima wanabishana vizuri zaidi wakiwa na karatasi katikati, ami alibishana na 250,000, hakubishana na mama mtu.

## Tulipokosea

Simu kwanza. Mwanafunzi anaetaka kuaplai awe na laini yake, imeli yake, na nywila aijue mwenyewe, hata kama simu ni ya kitochi. Nilikuwa nalijua hili na sikulisimamia, nlidhani ni jambo la steshenari. Siku mbili zile zingeweza kuisha vibaya.

Vyeti pili. Herufi moja iligharimu miezi karibu mitatu. Sasa hivi mwanafunzi akiingia form five tu namwambia aweke cheti cha kuzaliwa na cha form four pamoja mezani asome jina herufi kwa herufi.

Kosa la tatu ndilo linaloniuma na nimechelewa kuliona, Binti mwenyewe ndie alienionesha. Tulikaa siku zile zote tunajisifu kwamba tumeshinda jina la chuo, kumbe kuna jina jengine lilikuwa limekaa nasi kwenye jamvi na hakuna aliyelitilia shaka: digrii. Binti alitaka uuguzi. Uuguzi wa digrii kwa bei ile haukuwezekana, kwahiyo tukasema uuguzi hauwezekani. Diploma ya uuguzi, miaka mitatu, ipo hapa hapa Unguja, unamaliza unafanya kazi, na baadae unajiendeleza hadi digrii ukitaka. Hatukuiandika kwenye karatasi. Sio kwamba tuliipima tukaiacha, haikupita akilini, kwasababu kamaliza form six na divisheni ya pili na mtu wa namna hiyo "anakwenda chuo kikuu". Mimi mwalimu, mimi ndie nliepaswa kuiandika.

Ni kweli wakati ule mkopo wa diploma kutoka HESLB ulikuwa haujaanza, ulianza 2023/2024 kwa fani maalumu na afya ikiwemo. Pengine tungeipima tukaiacha kwa sababu ya pesa. Lakini kuacha kitu ulichokipima na kuacha kitu ambacho hukukiona ni mambo mawili, na Binti alistahili lile la kwanza.

Kwahiyo karatasi yangu siku hizi ina safu ya nne hata kama kijana kaja na barua mbili tu. Juu yake naandika kile anachotaka kufanya, kwa maneno yake mwenyewe, kuuguza, kujenga, kusomesha, kutengeneza mashine, halafu chini tunatafuta njia zote za kukifikia, cheti, diploma, digrii, hapa, Bara, kokote. Mara nyengine inabaki tupu na hakuna neno. Mwaka huu ilibadilisha uamuzi wa vijana wawili.

Wiki iliyopita Binti alipita nyumbani, katoka skuli, chaki bado mkononi. Kaniuliza kama mtu mwenye digrii ya sayansi na ualimu anaweza kuomba diploma ya uuguzi na kama itamharibia akiitwa kwenye ajira. Nikamwambia akae. Nimetoa daftari.